Dumu Mgongoni mwa Evodia

Neno lenyewe lilikuwa moja, tena fupi, na Lemayian alilitamka akiwa ameegemea mlango wa zizi, mikono kifuani, kama mtu aliyeulizwa kama mvua itanyesha. Siku kumi na tisa zilikuwa zimepita tangu alitamke, na bado lilikuwa mdomoni mwake kama ladha ya dawa chungu ambayo hata maji hayaiondoi.

Ili uujue uzito wa neno hilo, ni lazima kwanza umjue Evodia.

Evodia alizaliwa Ngombezi, kwenye zile nyumba za mistari ambako babu yake, mkata mkonge, alipewa chumba kimoja akazaa humo watoto sita. Utotoni hakuwa na mwanasesere. Alikuwa na milingoti ya mkonge, zile fimbo ndefu nyepesi zinazobaki zimesimama mmea unapokwisha kuzeeka na kufa. Alizirusha. Alizirusha kuvuka mtaro, kuvuka reli ya troli, kuvuka mstari mzima wa nyumba, mpaka mwalimu wa michezo akampa mkuki wa kweli. Akiwa na miaka kumi na minane aliurusha mita arobaini na moja. Siku hiyo, kwenye uwanja mmoja wa Korogwe, kijana wa Kimaasai kutoka Handeni, mwanafunzi wa chuo cha ualimu aliyekuwa ameshika futi ya kupimia, alikwenda kuung'oa mkuki ule ardhini akamrudishia mwenyewe. Walitazamana mara moja tu. Tangu hapo Lemayian hakupima tena kitu kingine sawasawa.

Mwaka uliofuata yakaja maumivu. Yalikuwa chini kabisa ya mgongo, upande wa kushoto, kila alipojipinda nyuma kurusha. Alichuliwa, akapakwa mafuta, akaambiwa ni baridi. Picha ya kwanza haikuonyesha kitu. Ya pili, aliyopigwa Moshi kwenye mashine kubwa, ilionyesha ufa mwembamba kama unywele kwenye mfupa wa chini wa uti wa mgongo.

"Haukuvunjika siku moja," alieleza Grasiana, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akimhudumia hospitalini Korogwe. "Mfupa wa kijana bado unakomaa. Ukiupinda kila siku unachoka, unachoka, mpaka unapasuka bila kelele. Bahati yako tumeuona mapema. Wiki kumi na mbili. Hakuna kurusha, hakuna kuruka, hakuna kubeba. Mkanda huu uuvae mchana kutwa. Na nisikilizeni wote wawili: maumivu yataondoka mapema, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kuacha kuuma siko kupona."

Ilikuwa Agosti. Klabu moja ya riadha ya Arusha ilikuwa imemwita kwa majaribio mwezi wa pili. Wiki kumi na mbili za kupumzika, kisha miezi mitatu ya kurudi taratibu. Hesabu ilikaa sawa kabisa, ila haikuwa na siku ya kupoteza.

Lemayian ndiye aliyekuwa akihesabu. Kila jioni baada ya vipindi alivuka mji mpaka Ngombezi. Evodia akipiga magoti na viganja mkekani, akinyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, tumbo limekazwa, yeye humhesabia kwa Kimaasai: nabo, aare, uni, oonguan, imiet, mpaka tomon, kumi. Evodia alikuwa akimcheka.

"Kwa nini hesabu ya kwenu ni ndefu hivyo? Wewe unaniibia pumzi."

"Ng'ombe wetu ni wengi. Tumezoea kuhesabu bila haraka."

"Kumbe na mimi ni ng'ombe."

"Wewe ni ndama. Nyoosha mguu."

Na nyuma ya bahasha kubwa ya kaki iliyohifadhi picha ya Moshi, Lemayian, ambaye hakuna mtu aliyemfundisha kutunga, alimwandikia ubeti mmoja kwa kalamu ya bluu:

*Mkuki wako u juu, haujatua mwenzangu,*
*Naufuata miguu, umepita moyo wangu,*
*Lala upate nafuu, hesabu ni kazi yangu,*
*Hata wapinge wakuu, sitafunga kinywa changu.*

Evodia aliusoma mara tatu, akaiweka bahasha chini ya godoro, na hakusema asante. Alimtazama tu, mtazamo ule ambao kijana akitazamwa hivyo anaweza kuapa jambo lolote na kuamini kwamba atalitimiza.

*

Wiki ya tisa mama yake Lemayian alipiga simu. Sinyati alikuwa mjane, mama wa watoto watano, mwenye boma la ng'ombe tambarare ya Handeni, na hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Huyo binti wa mkonge nitamwona lini?"

"Nitamleta, yeyo, mama yangu."

"Shemeji zako wanasema ni mgonjwa. Mgongo, wanasema. Mwanamke mwenye mgongo mbovu atazaaje?"

Lemayian angeweza kusema yote pale pale. Ulikuwa ufa tu. Ulikuwa unaziba. Haukuhusiana na kuzaa. Lakini alizisikia sauti za shemeji zake, wake za kaka zake, zikicheka nyuma ya simu, na kiburi kikampanda kooni.

"Alikuwa na malaria," alisema. "Amepona."

Basi wakaenda. Evodia alikuwa na wiki nne bila maumivu hata kidogo, na uso wake ulikuwa umerudisha nuru. Walipoteremka stendi ya Handeni, kabla ya kupanda pikipiki ya kwenda bomani, alishika kiuno chake juu ya gauni.

"Huu mkanda unaonekana?"

"Unaonekana kidogo. Uvue tu. Ukifika nao wataanza maswali kabla hujanywa chai."

"Na wakinipa kazi? Mimi nakwenda ukweni, Lemayian. Siwezi kukaa kama mgeni wa wilaya."

"Niachie mimi. Nitasema."

"Utasema?"

"Nimekwambia niachie mimi."

Evodia aliingia choo cha stendi akatoka na mkanda umekunjwa ndani ya begi. Alikuwa mwepesi, amefurahi, na Lemayian alifurahi pamoja naye kama mjinga.

Bomani walipokelewa vizuri. Evodia aliinamisha kichwa mbele ya Sinyati, na mama yule akamwekea kiganja utosini, akakiacha pale kitambo kirefu kuliko kawaida. Waliletewa chai ya maziwa. Kaleb, binamu na rika wa Lemayian, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa, alimzunguka mgeni kama anayekagua mtamba mnadani.

"Huyu ndiye anayerusha mkuki? Rika langu, siku mkigombana wewe lala nje. Mbali. Mita arobaini na mbili."

Watu walicheka, na Evodia akacheka zaidi ya wote.

"Lakini nasikia mgongo wake ni wa kioo," Kaleb akaendelea. "Eti anakatazwa hata kubeba kijiko."

"Nani kasema?" Lemayian aliuliza, uso umebadilika.

"Upepo. Kama ni uongo, usikasirike."

Wakati huo wanawake walikuwa wakiinuka kwenda lamboni. Kule kwao mwanamke habebi maji kichwani kama Korogwe. Dumu la lita ishirini hukaa mgongoni, chini, karibu na kiuno, na ukanda wa ngozi hulizunguka na kupita kwenye paji la uso. Anayebeba huinama mbele, shingo ikavuta, na uzito wote ukaketi pale pale ambapo mfupa wa Evodia ulikuwa ukijishona.

Sinyati alimgeukia mgeni. Hakuwa na ukali wowote.

"Mwanangu, utapumzika, au utakwenda na wenzako?"

Evodia aligeuza macho polepole akamtazama Lemayian. Hakumkonyeza, hakumwomba. Alimtazama tu, akingoja, kama mtu aliyekwisha kuruka akijua kuna mikono chini.

Sinyati naye akafuata macho yale mpaka kwa mwanawe. "Lemayian. Mwenzako anaweza?"

Kaleb alikuwa akitabasamu. Shemeji zake wawili walisimama na ngozi mikononi. Sentensi aliyoiandaa tangu Korogwe ilikuwa tayari kabisa mdomoni, na haikuwa hata ndefu.

"Ataweza," Lemayian alisema, ameegemea mlango wa zizi, mikono kifuani.

Macho ya Evodia yalibaki kwake kwa muda wa pumzi moja tu. Kisha akachukua ukanda wa ngozi mkononi mwa shemeji mkubwa, akaenda.

Walirudi baada ya saa nzima. Lemayian alimwona kutoka mbali, wa tatu kwenye mstari, ameinama, ukanda kwenye paji la uso, mikono imeshika ngozi pande zote mbili za kichwa. Hakuachwa nyuma. Wanawake walikuwa wakimsifu. Lakini alipofika mlangoni na kujipinda ili ateremshe dumu, alisimama katikati ya kujipinda kule, kimya, midomo imefungwa, kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti asiyoijua.

Kisha akaliweka dumu chini. Akatabasamu. Akanywa maziwa, akamsaidia Sinyati kupepeta mahindi, akaaga watu wote mmoja mmoja.

Ndani ya basi hakuegemea kiti. Njia nzima hadi Korogwe alishika chuma cha kiti cha mbele kwa mikono miwili. Waliposhuka alisema maneno mawili tu.

"Nishikie begi."

*

Siku kumi na nane Evodia hakupokea simu za Lemayian. Siku ya kumi na nane jioni ukaja ujumbe: *Njoo kesho saa tisa. Picha imetoka.*

Lemayian alikwenda na kibuyu cha maziwa mgongoni. Bibi Fausta, bibi yake Evodia, alikuwa barazani akisokota kamba ya katani kwenye paja lake, na hakuinua uso.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Kamba ilizunguka, ikazunguka. "Umekuja kumbebesha nini leo?"

Lemayian alikishika kibuyu mgongoni.

"Nakuuliza, mwalimu. Maji mmekwisha kunywa. Labda leo umeleta kuni."

"Nimeleta maziwa, bibi. Mama yangu ndiye aliyeyatuma."

Bibi Fausta alikitazama kibuyu, akamtazama na yeye, na kitu kidogo kililegea usoni mwake, si kingi. "Mama yako hana kosa. Kitue hapo. Yuko uani."

Evodia alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao kilichonyooka, si kigoda, mkanda mpya mpana umekaza kiuno chake juu ya fulana. Alikuwa amekonda mashavu. Nywele zilikuwa zimesukwa upya, mistari midogo ya nyuma, na Lemayian, ambaye alikuwa amepanga maneno tangu darajani, aliyaona yote yakimwagika.

"Kaa," Evodia alisema.

"Unaendeleaje?"

"Kaa kwanza. Siwezi kuinua shingo muda mrefu."

Akakaa chini, kwenye mkeka ule ule wa hesabu. Evodia alianza kueleza polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Ule wa kushoto ulikuwa umebaki kidogo uzibe. Grasiana amenionyesha picha zote mbili, ya zamani na ya sasa, kaziweka dirishani. Umefunguka tena. Na wa kulia nao umeanza."

"Wa kulia?"

"Upande mmoja ukishindwa kazi, wa pili unabeba. Ndivyo alivyosema. Miezi sita sasa, labda zaidi. Huenda usizibe kabisa. Anasema wapo watu wanaocheza na ufa wao mpaka wanazeeka, wakiimarisha tumbo na nyonga. Huenda nikarusha tena. Hajui lini."

"Na Arusha?"

"Niliwapigia juzi. Nimewaambia wasinihesabu."

Alilisema bila kulia, na kwa Lemayian hilo lilikuwa baya kuliko kilio. Angemwona analia angejua pa kuweka mikono yake.

"Evodia, nimemwambia mama. Yote. Juzi nilikwenda mwenyewe, nikamwambia mbele ya Kaleb na mashemeji. Malaria ilikuwa uongo, mkanda nilikuvua mimi."

"Alisemaje?"

Lemayian aliinamisha kichwa. "Alikaa chini. Hakusema kitu mpaka ng'ombe wote wakaingia. Halafu akasema, 'Kwa nini hukuniambia? Ningembebea mimi.'"

Upande wa pili wa nyumba kamba ya Bibi Fausta iliendelea kukwaruza.

Evodia alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha ndani yake, na mara hiyo hiyo akashika kiuno kwa sababu hata kucheka kulimuuma. "Angenibebea," alisema. "Kumbe hapakuwa hata na vita. Ulimwogopa nani, Lemayian?"

"Sikumwogopa mtu."

"Kaleb?"

"Nimesema sikumwogopa mtu." Damu ilikuwa imempanda. Alikuwa kijana wa namna hiyo. Aibu ikimgusa ilibadilika kuwa moto kabla hajaitambua. "Na wewe je? Ulikuwa na mdomo. Mama alikuuliza wewe kwanza. Mbona hukusema?"

Mara tu alipoyasema alitamani kuyaokota. Lakini Evodia hakukasirika. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa swali ambalo amekwisha kulijibu peke yake mara nyingi.

"Kweli. Nilikuwa na mdomo. Hilo nimelifikiria siku zote hizi nikiwa nimelala chali. Ningesema, 'Mama, nina ufa.' Maneno matatu. Mfupa wangu nimeupasua mwenyewe, Lemayian. Kwa hilo sikulaumu. Nilikuwa najisikia mzima, nilitaka wanipende, nikabeba."

"Basi nisamehe, tuanze upya. Miezi sita nitahesabu. Mwaka nitahesabu."

"Sijamaliza." Alivuta pumzi fupi. "Sikusema kwa sababu uliniambia nikuachie. Nikakuachia. Ningekuwa peke yangu pale, ningesema. Unanielewa? Bila wewe ningekuwa salama."

Lemayian alisogea karibu na kiti.

"Nitakuja na wazee," alisema. "Mwezi huu huu. Mama amekubali. Amesema hata kama hutarusha tena, hata kama hutabeba kitu maisha yako yote, atakupokea. Mashemeji watakuchotea."

"Amesema hivyo?"

"Kwa kinywa chake."

"Mwambie nashukuru. Mwambie nampenda." Macho yake yalikuwa yamejaa sasa, lakini sauti ilikuwa imara. "Ila mimi siendi kuolewa kwa kuhurumiwa. Nilitaka kuja kwenu nikiwa mrushaji. Na kama ni mgonjwa, basi niwe mgonjwa ambaye mume wake hakuona haya kusema anaumwa nini. Ulinionea haya. Mbele ya ndugu zako ulitaka niwe mzima kuliko ulivyotaka nipone."

"Si kweli. Nakupenda, Evodia. Mungu anajua."

"Najua unanipenda. Ungekuwa hunipendi ningekwisha kusahau."

Aliingiza mkono nyuma ya kiti akatoa bahasha ya kaki. Kona zake zilikuwa zimelainika kwa kulaliwa. Hakuigeuza, hakuhitaji.

"'Hata wapinge wakuu, sitafunga kinywa changu,'" alisema. "Mstari huo niliupenda kuliko yote. Nilikuwa nausema nikiwa nafanya mazoezi, ukishaondoka. Nilidhani nimepata mtu."

"Umepata mtu."

"Chukua. Picha mpya ina bahasha yake."

Lemayian hakunyoosha mkono. Aliinuka akapiga magoti mbele ya kiti, akaishika miguu yake kwa viganja viwili, miguu ile yenye vumbi jekundu la Ngombezi. Evodia alimwachia. Aliweka mkono wake juu ya kichwa chake, utosini, kama Sinyati alivyomwekea yeye, na akauacha hapo kitambo kirefu kuliko kawaida. Kwa muda huo mfupi Lemayian aliamini kwamba amesamehewa, na kweli alikuwa amesamehewa. Hakujua bado kwamba mtu anaweza kukusamehe na bado akakuacha.

"Nenda sasa," Evodia alisema. "Nina zoezi saa kumi. Grasiana ameniruhusu kuanza tena, yale madogo ya kulala chali."

"Niache nikuhesabie leo tu. Mara ya mwisho."

Evodia aliuondoa mkono utosini.

"Usinifanyie hivyo," alisema kwa sauti ndogo sana. "Tafadhali, Lemayian. Nenda kabla sijakubali."

Lemayian akaichukua bahasha, akasimama, akatoka.

Barazani Bibi Fausta alikuwa amekwisha kuyamimina maziwa kwenye sufuria na kukisuza kibuyu. Shingoni mwa kibuyu alikuwa amefunga kipande kirefu cha kamba mpya ya katani, nyeupe, ile aliyokuwa akiisokota.

"Mpelekee mama yako," alisema. "Afungie ndama. Mwambie ni ya kwangu, haikatiki."

"Asante, bibi."

"Kijana." Bibi yule alimtazama machoni kwa mara ya kwanza. "Mimi nilikuwa nakutaka. Mzee Ponsiano, baba yake, alisema tusubiri kwanza, hatuijui desturi yenu. Nikamwambia kijana anayekuja kila jioni kumhesabia mtu pumzi, huyo hana haja ya kuchunguzwa. Niligombana na mwanangu kwa ajili yako."

Lemayian alikitundika kibuyu mgongoni. Akainama, akaondoka.

Njia ya kurudi barabarani inapita nyuma ya mstari wa nyumba, kando ya ua wa milingoti ya mkonge iliyofungwa kwa waya. Alikuwa ameupita ua wa kina Evodia hatua tatu alipoisikia sauti yake kutoka upande wa ndani, ndogo, ya mtu aliyelala chali na kukaza tumbo.

"Nabo," ilisema sauti. "Aare. Uni..."

Lemayian alisimama. Kibuyu kiligonga mgongo wake kikatulia. Mkono wake uliugusa ua; palihitajika hatua chache tu kurudi mlangoni.

Ndani palikuwa kimya. Kimya kile kilidumu muda wa kutosha mtu kufuta macho yake kwa kiganja.

"Moja," Evodia alisema. "Mbili. Tatu."

Alihesabu haraka, kama watu wa kwao wanavyohesabu. Lemayian alibaki amesimama, bahasha kifuani, midomo ikitembea bila sauti, akimfuatisha kwa lugha yake, kila mara akibaki nyuma kidogo. Evodia alifika kumi yeye akiwa bado kwenye isiet, nane.

Hakumalizia. Alishuka barabarani, na nyuma ya ua sauti ilikuwa imekwisha kuanza tena, moja.